Akianguka Majini

Baba yangu alikuwa mchuna ngozi. Kabla sijazaliwa alizunguka na misafara ya uwindaji kutoka Voi hadi Galana, akitoka kwa mwajiri huyu na kuingia kwa yule, na kazi yake ilikuwa kuchuna, kupaka chumvi, kuanika na kufunga ngozi na pembe za wanyama waliopigwa na wageni. Mwezi Mei mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya nyara, na baba akarudi Mombasa na sanduku la bati na kisu kimoja chenye mpini wa mpingo. Tangu hapo alifanya kazi bandarini mpaka alipostaafu. Habari za porini alitusimulia usiku umeme ulipokatika, na sisi watoto tulizisikiliza tukijua kwamba kile kisu kimo kabatini, kimezongwa kitambaa kilichopakwa mafuta.

Kwa Mkenya wa umri wangu, basi, uwindaji ni jambo la ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana Januari iliyopita mimi, binamu yangu ambaye ni fundi wa mafriji, na sahibu yetu mwalimu wa sekondari kutoka Malindi, tulipanda basi kwenda Uganda baada ya kuweka akiba pamoja kwa miaka miwili. Tangu turudi watu wengi wameniuliza tulipata nini, nami kila mara nimeshindwa kujibu kwa maneno machache, kwa hiyo naandika hapa kwa urefu.

Ni vyema nianze na sheria, kwa kuwa swali la kwanza la kila mtu ni kama tulikwenda kufanya ujangili. Uganda nayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979, mwaka ule ule Idi Amin alipong'olewa madarakani. Vita na misukosuko ya miaka ile na iliyofuata iliacha bunduki mikononi mwa watu wengi, na wanyama wakaangamizwa. Vifaru waliisha kabisa nchini mapema katika miaka ya 1980. Mwaka 2001 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ilifungua tena mlango kwa majaribio, kwenye ardhi ya wafugaji iliyo kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na baadaye utaratibu huo ukafika sehemu nyingine, likiwemo bonde la mto Kafu na nchi ya Karamoja. Kampuni hupewa kile ambacho sheria inakiita haki ya matumizi ya wanyamapori ya daraja A, idadi ya wanyama wa kuwindwa hupangwa na Mamlaka, na sehemu ya ada ya mnyama hurudi kwa jamii ya mahali hapo. Hoja yake ni kwamba wanyama wengi wa Uganda wanaishi nje ya hifadhi, wakila majani yale yale yanayoliwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe asiyepata chochote kutokana na swala hana sababu ya kumvumilia. Mimi nakubaliana na hoja hiyo. Wako Wakenya wenzangu wengi wasioikubali, na msimamo wao nauheshimu, lakini nimeona kwa macho yangu swala zaidi ya 20 wakila katikati ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama matao, na mchunga akiwapita bila hata kuinama kuokota jiwe.

Safari yenyewe sitairefusha. Mpakani Busia tulivuka kwa vitambulisho vya taifa tu, kama inavyowezekana tangu mwaka 2014 kwa raia wa Kenya, Uganda na Rwanda. Daraja jipya la mto Nile pale Jinja tulilipita kukipambazuka. Na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshatoka Kampala, mji ambao jina lake lenyewe ni la uwindaji, kwani kilima kile Waganda walikiita kasozi k'empala, yaani kilima cha swala pala, na Kabaka alikuwa akiwinda hapo. Tulielekea kaskazini hadi Bombo kwa mwenyeji wetu, mzee wa Kinubi ambaye binamu yangu alifahamiana naye katika biashara ya vipuri. Yeye ndiye aliyetutafutia kampuni yenye kibali halali, akatuwekea miadi, na akakataa katakata tulale hotelini.

Wanubi wa Uganda ni wazao wa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko kusini mwa Sudani, ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwaingiza katika jeshi lake mwaka 1891, na Bombo imekuwa kwao tangu zama za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Nyumbani wanasema Kinubi, sokoni Kiganda, na mgeni wa kutoka pwani wanamwekea Kiswahili, ambacho kwa babu zao kilikuwa lugha ya kambini. Kiswahili cha mwenyeji wetu kilikuwa na ukali wa amri za jeshi na upole wa mtu aliyehiji. Tulimwita Hajj, naye alituita wanangu, ingawa mwalimu ana mvi kumshinda. Sebule yake ilipambwa kwa makawa yaliyosukwa kwa rangi za kuwaka, kazi ya mikono ya mkewe, na chakula kilipoletwa chini ya makawa hayo tulikula wote sinia moja.

Baada ya chakula Hajj aliuliza tunakwenda kuwinda nini. Tulimwambia kwamba mwalimu amelipia nzohe, swala wa bwawani, mimi nimelipia kobu, swala wa nyasi za bondeni, na binamu ametoa fungu lake la gharama lakini hatapiga chochote. Hajj alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wote wawili ni wanyama wa kandokando ya maji." Akatukumbusha habari ya Adi bin Hatim, sahaba aliyekuwa na desturi ya kuwinda, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomfundisha kwamba taja jina la Mwenyezi Mungu unapopiga, na ukimkuta mnyama amekufa kwa pigo lako mle, isipokuwa ukimkuta ameanguka majini, kwa sababu hapo hujui kama aliyemuua ni mshale wako au ni maji. "Mkirudi nitauliza," akasema. "Nataka nile, lakini nitauliza." Nilichukua maneno yale kama nasaha za mzee kwa wasafiri, sikujua kwamba siku chache baadaye yatakuwa yanapiga kichwani mwangu kama saa.

Kesho yake tulipita Luweero na kuingia wilaya ya Nakasongola, nchi ya nyasi kavu na vichuguu virefu kuliko mtu. Huko ndiko lilipo shamba la vifaru la Ziwa, ambalo vifaru wake wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 2005 kutoka Solio, nchini kwetu. Wengine wawili walitoka Marekani, na ndama wa kwanza aliyezaliwa mwaka 2009 kwa baba wa Kenya na mama wa Marekani wakamwita Obama. Hatukupata nafasi ya kuingia, ila binamu alitaka tusimame barabarani dakika moja tuangalie upande ule, na tukasimama.

Kambi yetu ilikuwa karibu na mto Mayanja, unaopeleka maji yake Kafu. Usiufikirie mto kama Sabaki au Tana. Ni bonde pana lililojaa mafunjo, kijani kutoka kingo hadi kingo, na maji huyaoni mpaka uwe umeshaingia ndani yake. Kambini alikuwepo mwindaji bingwa mwenye leseni, Mganda wa makamo mwenye maneno machache. Askari mmoja wa Mamlaka na daftari lake. Kijana wa Kiruuli mwenye mtumbwi. Na mzee mmoja mfuata nyayo, mwembamba, aliyewahi kuwa mwanajeshi na kwa hiyo Kiswahili kilimtoka bila shida. Huyo tulimwita Mzee tu, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Jioni ya kwanza Mzee alituambia jambo lake waziwazi. Waganda wana koo nyingi, na kila ukoo una muziro wake, mnyama au mmea au kitu kingine ambacho watu wa ukoo ule hawamli wala hawamdhuru. Muziro wa Mzee ni enjobe, na enjobe ndiye nzohe. "Kwa kobu nitawapeleka popote," akasema. "Kwa enjobe hapana. Huyo ni wa kwetu." Hakuna aliyejua mabwawa yale kumshinda; kijana wa mtumbwi alituambia pembeni kwamba Mzee anaweza kuonyesha kidole kwenye mafunjo na kusema dume gani amelala wapi. Mwindaji bingwa naye alilijua hilo siku zote na hakuwahi kumlazimisha. Mwalimu aliona haya, akamwomba Mzee radhi, na Mzee akamjibu kwamba hana kosa, kwa kuwa mgeni na mwenye nyumba hawali chungu kimoja kila siku.

Nzohe ni swala aliyeumbiwa bwawa. Manyoya yake ni marefu na yana mafuta yanayofukuza maji, huogelea vizuri, na akitishika hujizamisha mpaka zikabaki pua tu juu. Hawindwi kwa kutembea, kwa sababu hakuna mahali pa kutembea. Kijana wa Kiruuli na wenzake walikuwa wamejenga dungu katikati ya mafunjo, kama madungu ya kulindia mpunga ndege yanayojengwa huko kwetu pwani, ila hili lilikuwa juu mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri mwalimu na mwindaji bingwa walipanda mtumbwi, kijana akapiga upondo gizani, na wakakaa juu ya dungu bila kusema wala kukohoa mpaka jua lilipopanda. Siku ya kwanza waliona ukungu. Siku ya pili walimwona jike mwekundu na mtoto wake, wakala shina moja la mafunjo baada ya jingine kwa saa nzima, na mwalimu alirudi akiwa na furaha kana kwamba amepata alichokitaka. Majike hayapigwi, na hayana pembe. Siku ya tatu alitoka dume, mweusi wa kahawia, pembe zimejisokota na ncha zake nyeupe, akasimama penye uwazi wa hatua 80 hivi. Mwalimu alitaja jina la Mungu na kupiga mara moja. Mnyama alianguka pale pale, juu ya zulia la mizizi na mashina yaliyolala, na mwalimu ambaye ana miaka 58 alijitupa kutoka kwenye mtumbwi akazama mapajani katika tope ili awahi kumchinja.

Walipomleta ukingoni nilichuchumaa kumtazama miguu. Ukwato mmoja wa mbele nilioupima kwa mkono ulipungua shubiri yangu kwa upana wa vidole viwili tu, mwembamba, umepinda kidogo mbele kama jani la mwembe, na nilipoubonyeza kwa kidole gumba pande zake mbili zilitanuka kama mkasi unaofunguka. Ndipo nikaelewa jinsi mnyama wa uzito ule anavyoweza kutembea juu ya majani yanayoelea. Niliinua macho nimwambie Mzee, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kumwambia kila kitu, lakini hakuwepo. Mtumbwi ulipoonekana alikuwa ameshainuka. Usiku huo alikoka moto wake mwenyewe mbali na wetu na kupika katika sufuria yake ndogo, na hakuna aliyemfuata.

Nilidhani hatakuja tena. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia fimbo ikigonga kamba ya hema langu. "Leo ni kobu," akasema. "Vaa viatu."

Kobu ndiye swala aliyemo kwenye nembo ya taifa la Uganda, akisimama upande mmoja wa ngao na korongo taji upande wa pili. Waganda humwita ensunu. Madume yenye nguvu hukaa kwenye uwanja maalumu, kila moja na kijiduara chake cha ardhi cha hatua chache, yakilinda mipaka na kupiga mluzi, na majike huja pale kuchagua. Dume linaloshindwa hufukuzwa. Mzee alitupitisha mbali na uwanja huo, kwa sababu alisema wa kuwindwa ni yule aliyeshatoka, mzee, ambaye hatarudi kupigania mahali. Tulitembea kwa zaidi ya saa mbili. Tulimpata akiwa peke yake kando ya kichuguu, shingo nene, pembe zimechakaa kwenye ncha, sikio moja limechanika. Mwindaji bingwa alisimamisha mguu-tatu wa kuegemezea bunduki, nami nikaweka mtutu juu yake.

Siku ya kwanza kambini nilikuwa nimepiga shabaha mara tano kwa bunduki ile ile ya kuazima, na risasi zote tano zilifunikwa na kiganja kimoja cha mkono. Kwa hiyo siwezi kuilaumu bunduki, wala upepo, wala umbali, uliokuwa hatua 110 au karibu na hapo. Nilitaja jina la Mungu. Kobu aliinua kichwa akaanza kugeuka, na badala ya kungoja asimame nilikaza kidole kwa pupa ya kuhofia atakimbia. Nilisikia risasi ikimpata, sauti nzito kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo, na kabla moshi wa fikra zangu haujatulia Mzee alikuwa ameshasema kwa sauti ya chini, "Nyuma. Umempiga nyuma."

Kobu alikimbia akiwa amejikunja mgongo na kupotelea vichakani.

Nilitaka tumfuate palepale. Mwindaji bingwa alitazama saa yake, akakaa chini, akasema tutangoja dakika 30. Nilimweleza kwa haraka, na nakiri kwamba sauti yangu ilipanda, kwamba sisi ni Waislamu, kwamba nataka kumfikia akiwa hai nimchinje, na kwamba upande aliokimbilia ndio upande wa mto. Binamu alinishika mkono. Aliyenijibu ni Mzee, na alinijibu kama baba anavyomjibu mwana. "Sikiliza. Ukimkimbiza sasa atajua anafukuzwa, na anayefukuzwa hukimbilia maji. Ukimwacha atasikia maumivu, atatafuta kivuli, atalala. Akilala nchi kavu ni wako. Wewe unataka kumwahi. Mimi nataka asiende mtoni. Tunataka kitu kimoja."

Dakika 30 zile sijui niziandikeje. Nilimwona baba akiwa ameinama juu ya ngozi, akiniambia jambo alilolisema mara nyingi na ambalo utotoni sikulijali, kwamba tangu alipoacha kazi ile wanyama waliopigwa vizuri amewasahau wote, anaowakumbuka ni wale ambao hawakuonekana.

Tulipoanza, Mzee alitufanya sote tutembee pembeni ya nyayo, tusizikanyage. Tone la kwanza lilikuwa hatua 20 kutoka aliposimama. Alilichukua kwa kidole, akalisugua, akalinusa, akanionyesha: damu nyeusi, nzito, na ndani yake vipande vidogo vya nyasi zilizotafunwa. Damu ya mapafu, akasema, ni nyepesi na ina povu, na mnyama wake huwezi kutembea mbali kumfuata kwa kuwa ameshakufa. Hii ni ya tumbo na ini kidogo. Huyu anaweza kutembea mpaka jua linazama. Alichuma jani bichi akaliweka juu ya tone, akaenda kwenye linalofuata, akaweka jingine. Baada ya majani saba aliniambia nigeuke nyuma nitazame. Majani yale yalikuwa yamejipanga karibu kwa mstari, na mstari ulikwenda kandokando ya mto, haukuuelekea. "Bado hajaamua," Mzee akasema.

Alilala mara mbili. Mahali pa kwanza nyasi zilikuwa bado zinainuka polepole tulipofika, na damu ilikuwa imekusanyika kama sahani. Mahali pa pili nyayo zilikatizwa na kundi la ng'ombe lililokuwa linatoka kunywa, kwato mia kadhaa juu ya kwato nne ndogo zenye umbo la moyo, na hapo damu ilikuwa imeshakatika kwa sababu mafuta ya tumbo huziba tundu. Nilikata tamaa moyoni. Mzee hakukata. Alizunguka kundi lote kwa duara pana, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na alipomaliza nusu ya duara alimwita mchunga, mvulana wa miaka 12 hivi, wakazungumza Kinyankole au lugha ya karibu nayo. Mvulana alionyesha kwa fimbo. Alikuwa amemwona kobu anayetembea kama mtu mwenye kiungulia, akasema, na alikwenda chini.

Chini ni mtoni.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Tulikuwa tumefuata kwa zaidi ya saa tano, maji ya kunywa yalikuwa yamebaki chupa moja, na Mzee alinikabidhi mimi ninywe kwanza. Mtu ambaye jana yake tulimuulia wa kwao, na ambaye kwa mila yake alikuwa na kila sababu ya kukaa kambini siku ile, alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi tangu asubuhi akitafuta mnyama niliyemharibu mimi. Nilimwambia hivyo, kwa maneno yaliyonitoka vibaya. Alisema, "Enjobe alikufa mara moja. Huyu bado anaumwa," akaendelea mbele.

Tulimkuta penye mwanya wa mafunjo ambapo ng'ombe wamefanya njia ya kunywea. Alikuwa amelala kifudifudi, miguu ya mbele imo ndani ya maji mpaka magotini, kiwiliwili chote kiko juu ya tope, kichwa kimeinuliwa. Alitutazama. Mwindaji bingwa aliinua bunduki amalizie, na mimi nikasema tafadhali, akaniangalia, akaishusha lakini hakuiondoa begani. Mzee alikwenda kwa nyuma, akashika pembe zote mbili kwa mikono miwili na kumvuta kwa nguvu ambayo hukuitegemea kwa mwili ule, binamu akashika miguu ya nyuma, na kwa mvuto mmoja akawa nchi kavu, ubavu wa kushoto chini. Kisu cha baba kilikuwa kiunoni mwangu. Ni kisu cha kuchunia, kifupi na kilichopinda, wala hakikukusudiwa kazi hii, lakini nilikuwa nimekinoa kila usiku tangu Bombo. Nilimwelekeza kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikakata. Damu iliruka mpaka kwenye kiwiko changu, na mguu wa nyuma ukapiga mara tatu ukamtoa binamu kwenye usawa. Kisha akatulia.

Nilikaa pale kwenye tope. Mzee aliomba kisu, akakitazama mpini, akapitisha kidole gumba kwenye makali kwa upole. "Hiki ni cha mtu wa kazi," akasema. Nikamwambia ni cha baba yangu, na kazi ilikuwa gani. Hakukirudisha mara moja. Alinionyesha pa kuanzia, kwenye kifundo cha mguu wa nyuma kwa ndani, akaniwekea kisu mkononi na mkono wake juu ya wangu kwa kipimo cha shubiri moja, halafu akaniacha niendelee. Ngozi niliitoboa mara mbili. Hakusema kitu.

Nyama iligawanywa jioni ile pale kambini. Kina mama walikuja na mabeseni, vijana na baiskeli, askari wa Mamlaka akaandika katika daftari lake, na kila nyumba ikapata fungu. Mzee alichukua shingo ya kobu. Mwalimu alichukua pembe za nzohe, na alipozifunga alizifunika kwa turubai kabla Mzee hajapita. Mimi fuvu nililiacha. Niliomba paja moja kwa ajili ya Bombo, nikaandikiwa kibali cha kulisafirisha, na binamu akalipanga katika boksi la barafu kwa ustadi wa mtu ambaye baridi ndiyo riziki yake.

Tulifika kwa Hajj kesho yake baada ya swala ya magharibi. Mkewe alilipokea paja, na baada ya saa mbili sinia likaletwa limefunikwa kawa jekundu na la manjano. Tulinawa. Hajj aliondoa kawa, mvuke ukapanda, akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Mlimkuta wapi?"

Nilimweleza yote, kutoka risasi yangu mbaya mpaka njia ya ng'ombe. Nilipofika kwenye miguu ya mbele aliniinulia kidole.

"Maji yalifika wapi?"

"Magotini, Hajj. Kifua kilikuwa juu ya tope, na kichwa kimeinuliwa."

"Macho?"

"Alitutazama."

"Ulipokata, damu ilitiririka au iliruka?"

Nilimwonyesha kiwiko cha shati langu, ambalo lilikuwa ndilo hilo hilo nililolivaa. Alimgeukia binamu. "Na mguu?"

"Ulinipiga hapa, Hajj," binamu akasema, na akainua suruali kuonyesha.

Mzee wetu wa Bombo aliutazama ule uvimbe kwa muda. Kisha akasema bismillahi, akamega kisra, na mkono wake ukaenda kwenye sinia.